Picasa Iliondoka na Nini? Historia ya Programu za Picha, na Ipi Uweke Kwenye Kompyuta Yako

Leo tunaweka pembeni kidogo kiki za mastaa, tuongelee kitu kinachotuhusu wote. Kuna swali ambalo kila mwenye kompyuta nyumbani ameshawahi kuuliza au kuulizwa: "Nina picha kibao, zimejaa kila folda, niweke programu gani ya kuzipanga na kuziediti?" Majibu huwa ni jina moja moja tu. Huyu anakwambia weka Photoshop, yule anakwambia achana na kompyuta, tupia zote mtandaoni. Mwingine anakuletea programu iliyochakachuliwa kwenye flashi, na virusi juu kama nyongeza.

Mimi leo sianzi na jina. Naanza na historia, kwa sababu ungeuliza swali hili mwaka 2010, watu wengi wa Windows wangekujibu "Picasa" bila hata kufikiria. Na leo Picasa haipo. Waliochagua kwa kufuata jina walibaki wanashangaa. Waliokuwa wanajua programu yao inafanya nini na picha zao hawakupoteza kitu. Kwa hiyo kaa mkao wa kula, tuanze mbali kidogo.

ENZI ZA MKASI, GUNDI NA KALAMU

Kuediti picha hakukuanza na kompyuta, achilia mbali filta za Instagram. Hapo Lamu, miaka ya 1960 na 1970, kulikuwa na mpiga picha anaitwa Omar Said Bakor, mtu aliyejifunza kazi mwenyewe. Bakor alikuwa anakata picha na kuziunganisha studio kwake mpaka sura ya mtu inatokea mahali ambapo binadamu wa kawaida hawezi kukaa. Hakukuwa na kitufe cha kurudi nyuma ukikosea. Ukikata vibaya, umekata.

Zanzibar nako kulikuwa na Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na baadaye mwanawe Rohit akaiendeleza. Studio hiyo iliyapita Mapinduzi ya 1964 na bado ikawa na picha za watu wa zamani. Kamera zilibadilika, dawa za kusafishia picha zikabadilika, ila picha zenyewe zikabaki zinashikika mkononi.

Sasa nenda kachukue albamu ya bibi yako. Toa picha moja kwenye ile karatasi ya plastiki, igeuze. Kuna uwezekano mkubwa nyuma pameandikwa kwa kalamu: "Ukumbusho", halafu tarehe, mahali, na majina ya waliopo. Hiyo ndiyo ilikuwa programu yao ya kupanga picha. Filamu moja ilikuwa na picha 24 au 36, mtu anapeleka kusafisha, anaandika nyuma, anabandika kwenye albamu, maisha yanaendelea.

Fundi wa studio naye alikuwa na daftari lake: namba ya kazi, jina la mteja, amelipa kiasi gani. Lakini daftari ni mali ya fundi. Siku akifunga duka na kuhama, anaondoka nalo. Maandishi yaliyo nyuma ya picha yanabaki kwako. Shika hapo, kwa sababu stori yote ya kompyuta inayofuata ni hiyo hiyo: programu yako inaandika nyuma ya picha, au inaandika kwenye daftari lake?

MWANAMKE ALIYEIPA KAMERA MGONGO

Mwaka 1987, Thomas Knoll alikuwa anasomea shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Akaandika programu ndogo ya kuonyesha picha kwenye kompyuta yake ya Macintosh. Ndugu yake, John, alikuwa anafanya kazi Industrial Light & Magic, ile kampuni ya George Lucas inayotengeneza maajabu ya kwenye filamu za Star Wars. John alipoiona akajua hapa pana biashara. Wakaikuza pamoja, Adobe wakaichukua, na Februari 1990 Photoshop ya kwanza ikaingia sokoni, ikiwa ya kompyuta za Mac tu.

Sasa umbea kidogo. Picha waliyoitumia kuwaonyesha watu uwezo wa programu hiyo ilikuwa ya mpenzi wa John, aliyekuja kuwa mke wake. Ilipigwa mwaka 1987 ufukweni Bora Bora: dada kakaa mchangani, anaangalia bahari, kaipa kamera mgongo. Inatajwa sana kama picha ya kwanza ya rangi kuchezewa kwa Photoshop. Yaani mtu maarufu kuliko wote kwenye historia ya kuediti, na sura yake huioni.

Mwaka 1994 Photoshop ikaleta leya, yaani tabaka. Unaweka mtu kwenye tabaka moja, mandhari kwenye tabaka lingine, maandishi juu yake, na kila kimoja unakisogeza peke yake. Makava ya albamu, mabango ya shoo, picha ya staa fulani wa Bongo "akiwa Dubai" wakati siku hiyo alionekana Sinza, yote yanatokana na wazo hilo.

Mwaka 1995, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, wakaanza programu yao ya bure, GIMP. Ilitoka kwa umma mwaka 1996 na mpaka leo ipo, bado ni bure. Toleo la 3.0 limetoka Machi 2025.

Ila angalia kitu kimoja. Photoshop na GIMP ni mafundi wa picha moja. Unaifungua, unaifanyia kazi, unaihifadhi, umemaliza. Ukiwauliza "zile picha za harusi ya anko mwaka 2011 ziko wapi?" hawajui. Kuediti ni kazi moja, kupanga ni kazi nyingine, na watu wengi wanachanganya hizo mbili wanapochagua programu.

KAMERA ZA DIJITALI ZIKALETA BALAA

Miaka ya 2000 ilipoanza, kamera za dijitali zikaanza kushuka bei. Ghafla hakuna filamu ya kununua wala picha ya kupeleka kusafishwa, kwa hiyo mtu anapiga tu. Sherehe moja picha 300, na majina yake ni IMG_0001, IMG_0002 mpaka unachoka. Nani ataandika nyuma ya hizo zote?

Januari 2002, Steve Jobs akasimama jukwaani na kutangaza iPhoto, bure kwa wenye Mac. Unachomeka kamera, picha zinaingia, zinapangwa, unarekebisha mwanga, unatengeneza albamu. Ilikuwa tamu. Ila iPhoto ilikuwa inazichukua picha na kuziweka kwenye ghala lake yenyewe, na baadaye ghala hilo likawa linaonekana kwenye kompyuta kama faili moja kubwa. Mtu wa kawaida akitaka kuziona picha zake, anapitia mlango wa iPhoto.

Mwaka huo huo wa 2002, huko Pasadena, California, ikatoka Picasa kwa ajili ya Windows. Jina lake lilichanganya mchoraji Picasso, neno la Kihispania "casa" lenye maana ya nyumba, na kifupi cha neno picha kwa Kiingereza. Julai 2004 Google wakainunua na kuifanya bure. Hapo ndipo ikasambaa.

Picasa ilipendwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, ilikuwa nyepesi. Kompyuta ya kizee yenye kumbukumbu ndogo iliweza kuifungua na kupitisha maelfu ya picha bila kukwama. Ya pili, haikuhamisha picha zako. Ilizikuta kwenye folda zako, ikakuonyesha, ikaziacha pale pale. Ukiediti, picha halisi ilikuwa haiguswi. Mabadiliko yaliandikwa pembeni kwenye kifaili kidogo, na ukibonyeza kuhifadhi, picha ya awali inawekwa kwenye folda iliyofichwa. Wengi walikuwa hata hawajui kwamba folda hiyo ipo.

Septemba 2009 ikaja Picasa 3.5 na kutambua sura. Unaiambia huyu ni mama, huyu ni shangazi, yenyewe inatafuta sura zinazofanana kwenye kompyuta nzima na kukuuliza "huyu naye ni mama?" Watu walikesha wakitaja majina ya ndugu zao. Na majina hayo yalikuwa yanaandikwa wapi? Mwanzoni, kwenye daftari la Picasa. Matoleo ya baadaye yalileta uchaguzi wa kuyaandika ndani ya picha zenyewe, ila ilibidi uingie kwenye mipangilio na kuuwasha. Nani anaingia kwenye mipangilio?

MSIBA JUU YA MSIBA

Mwaka 2005 Apple walileta Aperture kwa wapiga picha wa kulipwa, ikiuzwa dola 499. Mwaka uliofuata ikashuka hadi 299. Toleo la 3, mwaka 2010, likawa dola 199. Mwaka 2011 kwenye duka la mtandaoni la Apple ikawa dola 79.99. Watu walifurahia punguzo. Juni 2014 Apple wakatangaza kwamba hawataiendeleza tena, na iPhoto nayo ikaambiwa inaondoka. Badala yake, mwaka 2015 ikaja programu moja inaitwa Photos. Waliong'ang'ania Aperture waliendelea nayo mpaka 2019, toleo la Mac linaloitwa Catalina lilipotoka na Aperture ikagoma kufunguka.

Februari 2016 ikawa zamu ya Picasa. Google walitangaza kwamba kuanzia Machi 15, 2016 hawataihudumia tena, nguvu zote zinaenda Google Photos. Waliokuwa nayo waliruhusiwa kuendelea kuitumia, lakini haikurekebishwa tena.

Januari 2017 Microsoft nao wakaacha kuihudumia Windows Photo Gallery, ambayo watu wengi waliipata na Windows Live. Hapa kuna la kujifunza, maana programu hii ilikuwa inaandika majina na maelezo ndani ya picha yenyewe. Mwenye programu kaondoka, maandishi yamebaki nyuma ya picha.

Umeona ilivyo? Ndani ya miaka mitatu, programu kubwa nne za kampuni kubwa kabisa duniani ziliachwa. Hizi hazikuwa kampuni za uchochoroni. Kwa hiyo anayekwambia "chagua ya kampuni kubwa, haiwezi kupotea" hajasoma historia. Kampuni kubwa haikuachi kwa sababu imefilisika, inakuacha kwa sababu imepata mradi mwingine.

KUTOKA KUNUNUA MPAKA KUPANGA CHUMBA

Njia nyingine ya kupoteza ni kuwa mpangaji. Adobe walileta Lightroom Februari 2007, programu inayopanga na kuediti kwa pamoja, na wapiga picha wengi wa harusi na matangazo wakahamia huko. Unanunua mara moja, yako. Mwaka 2013 Adobe wakaanza kuhamishia programu zao kwenye malipo ya kila mwezi. Lightroom 6 ya mwaka 2015, iliyouzwa dola 149, ndiyo ilikuwa ya mwisho kuuzwa moja kwa moja. Oktoba 2017 wakaweka wazi kwamba hakutakuwa na nyingine ya namna hiyo.

Piga hesabu. Kifurushi cha wapiga picha wakati ule kilikuwa dola 9.99 kwa mwezi. Miezi 15 inakupa dola 149.85, yaani umeshaipita bei ya kununua, na mwezi wa 16 bado unadaiwa. Ukiacha kulipa, Lightroom Classic bado inakuacha uone picha zako na kuzitoa, lakini chumba cha kuediti kinafungwa. Kama kuediti ndiko kunakulipia kodi ya nyumba, hiyo gharama ni ya kazi na inajirudisha. Kama unaediti picha za birthday mara mbili kwa mwaka, unalipia chumba usicholala.

Google Photos nayo ilianza Mei 2015 kwa ahadi nono: picha bila kikomo, bure, mradi ukubali zipunguzwe ubora kidogo. Watu wakahamisha maisha yao yote. Tarehe 1 Juni 2021 utaratibu ukabadilika, kila picha mpya ikaanza kuhesabiwa kwenye zile GB 15 za bure, ambazo unagawana na barua pepe yako. Sisemi ni programu mbaya. Nasema ukiwa mpangaji, mwenye nyumba ana haki ya kubadili masharti. Na kwa wengi wetu kuna suala la bando: kupandisha picha elfu kumi kwa kifurushi cha siku ni utani.

DADA WA PICHA ZA BIBI

Mpaka hapa mtu anaweza kusema, "Basi programu ikifa, si nahamia nyingine?" Ngoja nikupe mfano wa mtu asiye staa.

Kuna dada mmoja wa hapa Dar, jina kapuni. Alikusanya picha zote za zamani za ukoo wao, akaziskani moja moja, halafu akawa anakaa na bibi yake jioni, laptop mezani, bibi anamtajia. Huyu ni mdogo wake babu yako, alifia Tanga. Huyu ni mke wa kwanza wa fulani, msimtaje mbele ya fulani. Hawa watoto wawili ni mapacha, mmoja ndiye baba yake yule. Kila jina dada akawa analiandika kwenye programu, kisanduku juu ya sura, jina chini.

Baada ya muda akapata kompyuta mpya. Akahamisha folda zote za picha, picha zote zikafika salama. Majina hayakufika hata moja, kwa sababu yalikuwa kwenye daftari la programu, sio kwenye picha, na diski ya kompyuta ya zamani ikaja kufa. Programu yenyewe ilikuwa haiendelezwi tena. Na bibi alikuwa ameshatangulia mbele za haki.

Leo ana sura mamia, safi kabisa, hajui ni nani. Hakuna programu ya kununua itakayorudisha zile jioni. Ndiyo maana nasema hili si suala la watu wa kompyuta. Watu wa ukoo wake wakifa wanatafuta picha ya kuweka kwenye tanzia, na hakuna wa kuwaambia yupi ni yupi.

NYUMA YA PICHA YA DIJITALI

Habari njema ni kwamba picha ya dijitali nayo ina "nyuma". Wajapani walitoa utaratibu wa EXIF mwaka 1995. Huo ndio unaoifanya kamera iandike tarehe, saa na mipangilio ndani ya faili la picha. Watu wa magazeti walikuwa na wao, IPTC, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa ajili ya maelezo ya picha, jina la mpiga picha na maneno ya kutafutia. Mwaka 2001 Adobe wakaleta XMP, inayobeba vyote hivyo na zaidi. Maandishi haya kwa kawaida yanasafiri na faili la picha, na programu nyingi zinayasoma.

Kinachosafiri vizuri ni maneno: majina, maelezo, tarehe, lebo. Kisichosafiri ni mapishi ya kuediti. Ukiongeza mwanga na kukata pembeni ndani ya Lightroom, darktable au nyingine za aina hiyo, programu inaandika maelekezo tu, "ongeza hiki, punguza kile", na picha halisi haiguswi. Ni utaratibu mzuri, lakini maelekezo hayo yanaeleweka vizuri na mpishi yule yule aliyeyaandika. Dawa yake ni rahisi: picha uliyoipenda baada ya kuiediti, itoe kama faili kamili la JPEG, uiweke kwenye folda yake pamoja na ile halisi. Hapo hata mpishi akihama, chakula kiko mezani.

Na onyo la bure: WhatsApp. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, inabanwa ubora na maandishi yake ya ndani yanaondolewa. Ukitaka ifike na vyake vyote, itume kama dokumenti. Albamu ya familia inayotegemea grupu la WhatsApp ni albamu ya picha zilizofutwa nyuma.

HAYA, SASA UWEKE IPI?

Kama una picha nyingi za familia na shida yako kubwa ni kuzipanga, ijaribu digiKam. Ilianza mwaka 2001 ikiwa ya watu wa Linux, siku hizi ipo pia ya Windows na Mac, na ni bure. Inaziacha picha kwenye folda zako, inatambua sura hapo hapo kwenye kompyuta yako, na inaweza kuandika majina na lebo ndani ya picha. Ila hakikisha kwenye mipangilio umeiruhusu iandike ndani ya faili. Kwa kompyuta dhaifu itakuwa nzito kidogo, na mwonekano wake una vitufe vingi, usiogope. Hata kama waliyoiandika wataacha, msimbo wake uko wazi na mwingine anaweza kuendeleza.

Kama kompyuta yako ni ya kizee na unataka tu kuangalia, kukata na kupanga haraka, XnView MP ni nyepesi, na kwa matumizi ya nyumbani ni bure.

Kama unapiga kwa kamera kubwa na unahifadhi faili ghafi, ile RAW, darktable, iliyoanza mwaka 2009, na RawTherapee zote ni bure. Zinahitaji uvumilivu wa kujifunza, wiki ya kwanza utazichukia.

Kama kazi yako ni mabango, makava na kubadilisha mandhari, hiyo ni kazi ya GIMP au Photoshop. Ukiwa na wateja wanaokutumia faili za Photoshop, lipia Photoshop, ingiza gharama kwenye bei yako. Ya kuchakachua achana nayo. Hujui aliyeivunja kufuli ameweka nini ndani, na kompyuta hiyo hiyo ndiyo yenye picha za wateja wako.

Na kama umeshazoea Google Photos au nyingine ya mtandaoni, baki nayo kama nakala ya pili, isiwe nyumba pekee. Nakala ya tatu iwe kwenye diski ya nje, ikiwezekana ikae nyumba nyingine, kwa ndugu. Umeme ukirudi kwa kishindo unaweza kuondoka na kompyuta pamoja na kila kilichochomekwa.

MTIHANI WA FLASHI

Kabla ya kuhamishia picha zako zote kwenye programu yoyote, hata hizi nilizotaja, ifanyie mtihani wa dakika kumi. Chukua nakala ya picha moja. Ndani ya programu hiyo iandikie maelezo, mfano "Bibi na mama, Tanga, 1984", na weka lebo yenye jina. Funga programu. Nakili picha hiyo kwenye flashi. Ichomeke kwenye kompyuta nyingine ambayo haina programu hiyo, fungua picha kwa programu tofauti, angalia maelezo yake. Yakionekana, programu yako inaandika nyuma ya picha, endelea nayo. Yasipoonekana, ingia kwenye mipangilio utafute pa kuwasha. Usipopapata, hiyo ni daftari la fundi, itumie kuediti tu, usiiamini na majina.

Halafu wikiendi hii, kabla ya kubishana ni programu ipi kali, kaa na mzee mmoja wa kwenu mwenye kumbukumbu, hata kwa picha ishirini tu. Muulize nani ni nani na wapi ni wapi. Programu unaweza kuchelewa kuipakua, kesho itakuwepo. Yeye mpe kipaumbele.

Tupia komenti hapo chini: unatumia programu gani, na imefaulu mtihani wa flashi au imefeli? Na kama bado una Picasa inafanya kazi mpaka leo, nakusalimu sana, ila ingia kwenye mipangilio leo leo uyatoe hayo majina.